Vikorokoro vya Zamani kwenye Nyumba ya Mawe: Kuvipata, Kuvisafisha na Kuvipanga

Maswali ni yale yale. "Nimeachiwa nyumba na bibi, imejaa vikorokoro, nianzie wapi?" "Sinia limekuwa jeusi, nilisugue kwa kitu gani?" "Nilipiga msumari mmoja tu wa kutundikia saa, lipu lote likamwagika." Nimeona heri niyajibu mahali pamoja, kisha anayeuliza aelekezwe hapa.

Mwongozo huu ni wa anayeishi katika nyumba ya zamani ya pwani, yenye kuta za mawe ya matumbawe, lipu la chokaa na dari ya boriti. Ndizo nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa, na nyingine zilizobaki Bagamoyo na Pangani. Kama yako ni ya matofali ya saruji, hatua za ukutani zipitie juu juu tu. Nyingine zote zinakuhusu.

Ninaposema vikorokoro sizungumzii mali ya kifalme. Nazungumzia pasi ya mkaa, mbuzi ya kukunia nazi yenye ulimi uliolika, redio ya mbao, chupa ya soda yenye gololi shingoni, bakuli la maua, kandili, taipureta iliyokosa herufi mbili, sarafu zenye tundu, ufunguo wa mlango ambao haupo tena. Shika jambo moja tangu sasa: nyumba kwanza, kitu baadaye. Ukuta wa chokaa unavuta unyevu na kuutoa, boriti zina kiasi chake cha mzigo, na upepo wa bahari umebeba chumvi. Ukipanga vitu vyako bila kujali hayo, utakuwa unavipoteza kimoja kimoja.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Brashi laini mbili: moja ya kupakia rangi (mpya, isiyowahi kuguswa na rangi) na mswaki wa zamani
- Fulana kuukuu za pamba, zilizofuliwa
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo kali
- Nta ya nyuki, na mafuta ya cherehani
- Sumaku ndogo
- Tochi, na lenzi ya kukuzia kama ile ya fundi saa
- Futi ya utepe
- Daftari, na penseli. Kalamu ya wino usiitumie karibu na picha wala nguo.
- Nailoni nzito ya kukata kwa mita
- Nafasi kwenye friza, yako au ya jirani mwenye subira

Kitu kimoja usikiweke kwenye orodha: msasa. Wanaoanza wengi huununua kabla hata ya kununua daftari. Mwachie seremala.

Sheria, kwa ufupi

Usiruke sehemu hii kwa kudhani wewe ni mtu mdogo. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006: kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale kisheria, na milango na miimo iliyonakshiwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 inalindwa. Tanzania Bara inatumia Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo mwaka wake wa mpaka ni 1863, na kwa milango ya nakshi ni 1940. Zanzibar ina taratibu zake, na wa kuulizwa ni Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Kukaa na bakuli la bibi yako nyumbani hakuna tatizo. Tatizo linaanza pale kitu kinapotaka kuvuka mpaka au kuuzwa kwa mgeni. Uliza kabla, na pata karatasi.

Pembe za ndovu usiguse, hata ukiambiwa ni za zamani na "zina ruhusa". Magamba ya kasa vilevile, na ngozi ya chui.

Hatua ya 1: Anzia ndani ya nyumba

Soko litakungoja. Panda darini, ingia stoo, piga magoti uangalie uvunguni. Fungua kabati la vyombo vya wageni ambalo halijafunguliwa tangu harusi ya shangazi. Vitu bora vya nyumba mara nyingi vimo humo humo, vimegeuzwa kuwa vya kuwekea misumari au kulishia kuku.

Usitupe kitu wiki ya kwanza. Usirudishe pia kitu mahali pake bila kukiandika, na hilo ndilo linatupeleka hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Andika kabla ya kusafisha

Kila kitu kipe namba. Iandike kwa penseli kwenye kikaratasi, kifunge kwa uzi wa pamba. Usibandike selotepu wala stika. Gundi yake kwenye joto letu huyeyuka, hunywea ndani ya mbao au karatasi, na haitoki tena.

Kwenye daftari andika namba, kitu, kimetoka kwa nani, kilikuwa chumba gani, kilitumikaje. Piga na picha ya simu, pande zote pamoja na tako. Kisha nenda kwa wazee. Kaa na mama, bibi, mjomba, uwaonyeshe picha moja moja na uwaache waseme. Utaambiwa kwamba lile deli la kahawa lilikuwa la jirani na halikurudishwa, kwamba ile cherehani ndiyo iliyolipa ada ya shule ya watoto watatu. Habari hizi ndizo zinazotofautisha mkusanyo na duka la vyuma chakavu, na wenye kuzijua hawangoji mpaka wewe upate nafasi.

Vitu vingine vinajieleza vyenyewe ukivigeuza. Bakuli lenye maua mekundu na buluu ambalo kila nyumba ya pwani ilikuwa nalo, tazama chini: mara nyingi utakuta muhuri wa Maastricht, Uholanzi, jina la Petrus Regout na picha ya sfinksi, yule mnyama wa hadithi mwenye kichwa cha mtu na mwili wa simba. Viwanda vya mji ule vilitengeneza mabakuli mengi kwa ajili ya masoko ya ng'ambo, na pwani yetu ikiwemo. Cherehani ya Singer ina namba ya usajili kwenye kipande cha chuma karibu na mguu wa mashine. Herufi za mwanzo pamoja na namba huonyesha kiwanda na mwaka. Nyingi za huku zilitoka Clydebank, Uskoti. Kanga ya zamani isome pembeni, kwani kanga za Mombasa zenye chapa ya "K.H.E. Mali ya Abdulla" zinatambulika kwa maandishi hayo madogo.

Hatua ya 3: Sasa toka ukatafute

Maduka ya mtaa wa Gizenga, Unguja, na ya Ndia Kuu, Mombasa, ni ya kujifunzia macho. Ingia, tazama, uliza kwa adabu, shika, toka. Bei zake zimepangwa kwa mgeni aliyeshuka melini. Kununua nenda kwingine: kwa mafundi saa na mafundi redio, ambao wana marundo ya vitu ambavyo wenyewe hawakuvirudia, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita mitaani na mikokoteni, kabla mzigo haujapelekwa kuyeyushwa, kwenye minada ya vyombo vya nyumbani, na kwa watu wanaohama. Ukisikia nyumba inahamwa, bisha hodi mapema.

Unapokagua, fanya hivi:

a) Weka sumaku. Shaba haishiki sumaku. Deli "la shaba" linaloishika ni bati lililopakwa.

b) Angalia parafujo. Kichwa chenye alama ya msalaba ni cha miaka ya 1930 na kuendelea, kwa hiyo sanduku "la miaka mia mbili" lenye parafujo za namna hiyo kila bawaba limetengenezwa juzi, au limetengenezwa upya. Parafujo za kale zina mfereji mmoja, na katika zilizokatwa kwa mkono mfereji huo mara nyingi haupo katikati sawasawa.

c) Fungua na unuse. Sanduku la njumu la zamani, yaani lile lililopambwa kwa shaba, ukiinua mfuniko, utaona upande mmoja kuna kijisanduku kidogo cha kuwekea vitu vya thamani. Ubao wake wa chini wakati mwingine hunyanyuka, ukafichua nafasi ya siri. Pitisha vidole: pale palipofunguliwa na mikono ya watu wengi ubao umelainika na kuingia ndani kidogo, na pembe zake zimekuwa mviringo. Umri wa kweli hauko sawa kila mahali. Uko palipoguswa. Sanduku lililozeeshwa kwa dawa ya kiatu ni jeusi kila pahala kwa kiasi kimoja, na fulana nyeupe ikipitishwa hutoka na rangi.

d) Sarafu zisome kwa utulivu. Reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha, ina mwaka 1780 hata kama ilipigwa miaka mia na sitini baadaye, kwa sababu waliendelea kuipiga kwa tarehe ile ile. Pesa za shaba za Sultan Barghash zenye picha ya mizani zina mwaka 1299, ambao ni wa Hijria, sawa na 1882. Usimwache mtu akuuzie kama ya karne ya kumi na tatu. Senti 5 na senti 10 zenye tundu za Afrika Mashariki za 1936 zina jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyeng'atuka kabla ya kutawazwa. Hizo zinapatikana kwa wingi, kwa hiyo usilipe fedha nyingi. Sarafu ya dhahabu ya Tabora ya 1916 yenye tembo, ukioneshwa mtaani kwa bei ya kutupa, tabasamu na uende zako.

e) Sahani na mabakuli, tazama mgongo. Ukikuta chokaa kavu imeng'ang'ania nyuma, usinunue. Wazee walipachika sahani za Kichina kwenye kuta, misikiti na makaburi ya nguzo, kama yanavyoonekana Kunduchi na Mambrui. Sahani yenye chokaa mgongoni yaweza kuwa imebanduliwa kaburini. Hapa sina mjadala.

Kuhusu bei: anza kwa kuulizia kitu usichokitaka. Lakini ukinunua kwa mzee asiyejua thamani ya alicho nacho, mwambie. Kumpunja bibi kizee kisha ukajisifu kwa wageni ni aibu, na mtaa utajua.

Hatua ya 4: Tenga kilichoingia

Kitu kipya cha mbao, karatasi au nguo kisiingie chumbani moja kwa moja. Kiweke peke yake, juu ya karatasi nyeupe, kwa wiki mbili au tatu. Ukikuta vumbi jipya kama unga chini ya vitundu, dumuzi, wadudu wanaotoboa mbao, wako kazini.

Kitu kidogo (kitabu, kijiko, kibao cha nakshi kisichopakwa rangi) kifunge ndani ya nailoni, ubane hewa yote itoke, ukiweke kwenye friza wiki mbili. Ukikitoa usikifungue mpaka kirudi joto la chumba, yaani siku nzima, la sivyo maji yatajikusanya juu yake. Kwa kitu kikubwa tafuta fundi wa dawa za wadudu. Kumwagia mafuta ya taa ni dawa ya mtaani inayoacha harufu ya miezi na kitu kinachoshika moto haraka. Usifanye.

Hatua ya 5: Safisha kidogo kuliko unavyotamani

Hapa ndipo vitu vingi hufa. Kanuni ni kuanza na kikavu: brashi, kisha kitambaa kikavu, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo. Ukiona kimetosha, acha.

*Shaba.* Ukwaju tunaujua, na ndimu na chumvi pia. Vinafanya kazi kwa sababu ni asidi, na kila mara vinaondoka na tabaka jembamba la shaba yenyewe. Sinia la kuliwa wali mara moja kwa mwaka, sawa: paka ukwaju, subiri dakika chache, suuza kwa maji mengi, kausha pale pale kwa kitambaa, kisha liweke juani kidogo. Usiposuuza vizuri kutu ya kijani itarudi kwenye mashimo ya nakshi baada ya wiki chache. Mrashi, chetezo na vitu vyenye nakshi ndogo visugue kwa kitambaa tu. Weusi uliomo ndani ya nakshi ndio unaoifanya isomeke. Ukiung'oa, mchoro unapotea.

*Sarafu.* Usisafishe. Hata kwa mate.

*Fedha.* Kitambaa laini, basi. Ukwaju usiukaribishe.

*Chuma.* Pasi ya mkaa na kufuli kubwa: sugua kutu inayobanduka kwa mswaki, futa, paka mafuta ya cherehani kwa kitambaa, futa tena mpaka mkono usichafuke. Usipake rangi nyeusi ya dukani. Kutu huendelea chini yake bila wewe kuiona.

*Vyombo vya bati vyenye rangi ya kauri.* Maji ya uvuguvugu na sabuni. Waya wa kusugulia masufuria hukwaruza ule mng'aro, na mikwaruzo hukusanya uchafu.

*Mbao.* Kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha, kisha nta ya nyuki kiasi kidogo, ipake kwa fulana, iache, ing'arishe. Mafuta ya nazi hapana. Yanachacha, yananata vumbi na kuita wadudu. Vanishi pia hapana: ukipaka huwezi kurudi nyuma. Kiti cha enzi, kile kikubwa cha mbao cha kukalia wageni, chenye ukindu uliokatika mpelekee msusi aliye bado anajua mtindo wake, na umwombe asiguse mbao.

*Chupa.* Mchele mkavu kiganja kimoja, maji kidogo, tone la sabuni, tikisa. Za gololi zitikise taratibu. Chupa za dawa zenye kitu ndani usifungue wala usinuse.

*Santuri.* Zile nzito zinazovunjika, za kasi ya 78, zimetengenezwa kwa utomvu unaoyeyuka kwenye spiriti. Ukizifuta kwa spiriti unaufuta muziki. Tumia kitambaa chenye maji kidogo na tone la sabuni, ukikwepa karatasi ya katikati, kisha uzikaushe. Zisimamishe wima, usizilaze rundo. Ukibahatika kupata ya Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, usiipige kwa sindano kuukuu ili kuwaonyesha marafiki. Sindano ya chuma ya gramafoni hubadilishwa kila upande mmoja wa sahani.

*Picha na barua.* Usioshe chochote. Ipige picha halisi, chapisha nakala, tundika nakala. Yenyewe iweke bapa ndani ya boksi kavu, mbali na ukuta.

*Vitu vya umeme na vya moto.* Redio ya mbao usiichomeke "kuona kama inaimba". Ngozi za nyaya zimekauka na zikipata umeme baada ya miaka mingi zinaweza kuwaka. Ipeleke kwanza kwa fundi anayezijua redio za taa, yaani za valvu. Karabai na kandili ziwekwe tupu, bila mafuta ndani. Kuna wanaong'oa matumbo ya redio na kuweka spika ya kisasa. Kama ya ndani imeshaoza sina neno, lakini nzima kuifanyia hivyo ni uharibifu.

Hatua ya 6: Pima ukuta na sakafu

Kata kipande cha nailoni cha ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kingo zote nne, ukiache siku mbili. Jasho likiwa upande wa ndani, unyevu unatoka ukutani. Likiwa nje, ni hewa ya chumba. Rudia kwenye kila ukuta unaotaka kuutumia. Ukuta unaotoa jasho, na ule wenye unga mweupe wa chumvi, ni wa vyombo vya kauri na kioo pekee. Usiwekewe mbao, karatasi wala nguo.

Kama kuna aliyeziba ufa kwa saruji, huenda hapo ndipo tatizo lilipo. Saruji huzuia ukuta wa chokaa kupumua, unyevu ukakimbilia pembeni na kusukuma lipu. Kazi hiyo ni ya fundi wa chokaa, na Unguja kuna Mamlaka ya Mji Mkongwe ya kuombwa ruhusa kabla ya kugusa jengo. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kuta hizi si za kufanyiwa majaribio.

Sakafu ya ghorofani inalala juu ya boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Gonga boriti kwa kifundo cha kidole, chokoa kwa bisibisi mwishoni zinapoingia ukutani. Ikisikika tupu au bisibisi ikazama, hapo pasiwekwe mzigo. Sanduku, cherehani na rafu ya vitabu viwe kando ya ukuta ambao boriti zimeegemea, kamwe si katikati ya chumba, na chini ya miguu yake weka ubao mrefu unaopita juu ya boriti kadhaa.

Hatua ya 7: Tundika bila kuumiza

1. Kwanza tafuta vilivyopo. Nyumba nyingi zina vigingi, kulabu na misumari ya zamani. Ivute kwa mkono, ikishika, itumie.
2. Kama haitoshi, funga upau mmoja wa mbao juu ya ukuta, karibu na dari, kisha shusha vitu kwa waya au kamba. Matundu mawili matatu yanatosha kubeba picha kumi.
3. Pa kutoboa, weka drili kwenye mzunguko wa kawaida, si wa kugonga. Nyundo huitikisa lipu, na kilichoshikana kwa miaka mia hubanduka kwa kipande cha meza.
4. Safisha tundu, lilowanishe, chomeka kigingi cha mti mgumu, jaza pembeni kwa chokaa iliyolowekwa na mchanga: moja kwa tatu. Mchanga wa pwani usitumie, una chumvi.
5. Subiri wiki kadhaa kabla ya kutundika kizito. Chokaa haina haraka.
6. Nyuma ya kila fremu bandika vipande vinne vya kizibo ili hewa ipite. Ndani ya fremu pawe na paspatu, yaani kadibodi inayoizunguka picha, ili picha isiguse kioo, la sivyo masika itavigandanisha.

Saa ya ukutani yenye timazi itegee sikio: mlio wa kwenda na wa kurudi uwe sawa. Ukichechemea, sogeza chini ya kabati lake kushoto au kulia kidogo kidogo. Nami ningeitegesha kwa saa za Kiswahili, mgeni ahesabu mwenyewe.

Hatua ya 8: Panga

Zidaka na mashubaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vitu, yalitengenezwa kwa kazi hii, kwa hiyo yatumie kwanza. Kidaka kimoja, kitu kimoja. Ukiweka vitatu jicho halikai popote. Acha vingine vitupu, na usivipake rangi ya dhahabu ndani, tafadhali.

Vinginevyo panga kwa matumizi, si kwa umri. Mbuzi, kinu kidogo, kifumbu na mwiko wa bibi vikikaa pamoja vinaeleza jiko zima. Vitu vya kahawa karibu na baraza, vya udi chumbani. Kichekesho kimoja kila chumba kinatosha: taipureta mezani na karatasi ndani yake, ili mtoto apige jina lake. Funguo zisizo na milango tundika zote kwenye upau mmoja, kubwa kwa ndogo. Watu watasimama hapo kuliko kwenye sahani ya Kichina.

Jua la moja kwa moja lisifike kwenye kanga, picha wala vitabu. Kanga izungushe kwenye bomba la karatasi badala ya kuikunja, na karafuu za kufukuzia wadudu zifunge kwenye kitambaa zisiguse nguo, kwa sababu mafuta yake yanaacha doa. Badilisha maonyesho kila upepo unapogeuka, kusi na kaskazi. Kilichokaa nje kipumzike, kilichokuwa sandukuni kitoke.

Yakikukuta haya

*Koga jeupe juu ya mbao au ngozi.* Kitoe nje kivulini penye upepo, piga brashi kikiwa kikavu, ukiwa umeziba pua. Ukikirudisha pale pale koga litarudi, kwa hiyo tafuta pahala pengine.

*Kutu ya kijani kwenye shaba inayorudi kila mara.* Huenda ni asidi iliyobaki au ni chumvi ya ukutani. Osha kwa maji safi bila ukwaju, kausha kwa jua, paka nta, kisha ihamishe.

*Nta imekuwa nyeupe na inanata.* Umepaka nyingi. Ipashe kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, futa, ng'arisha.

*Droo haifunguki.* Ni masika, mbao imevimba. Usipige randa. Ngoja kiangazi, kisha sugua mshumaa kwenye kingo zake.

*Picha imeganda kwenye kioo.* Usiibandue. Ipige picha ikiwa ndani ya kioo chake, iache hivyo hivyo, na uliza makumbusho iliyo karibu kama ina mtu wa kazi hiyo.

*Njia ya udongo imepanda mguu wa sanduku.* Mchwa. Ondoa sanduku sasa hivi, lipindue, gonga mbao za chini. Njia ukiivunja bila kupata kichuguu umepunguza tu mwendo wao, kwa hiyo fuata inakotoka, ambako mara nyingi ni chini ya kizingiti au nyuma ya bomba linalovuja, na umwite fundi wa dawa kabla hawajafika kwenye boriti.

*Ndugu amekuja kudai kitu.* Fungua daftari, mwonyeshe kilikotoka. Kama ni chake, mpe, na umwombe habari zake uziandike.

*Wageni wanagusa kila kitu.* Waache waguse pasi na taipureta. Santuri zifungie kabatini.